Wahuni walibeba diski, kampuni za gemu zikahamisha uwanja

Roberto Larcos. Litaje jina hilo mbele ya mtu aliyekulia kwenye vibanda vya gemu, lazima acheke. Ndiye yule beki wa kushoto wa Brazil, kipara, mapaja kama nguzo za umeme, akipiga faulo ukuta unatawanyika. Wajapani wa Konami hawakuwa na haki ya kutumia jina lake halisi, wakabadilishana herufi mbili tu kwenye Carlos, kazi ikaendelea. Liverpool nayo ikawa Merseyside Red.

Aliyewasahihishia mashabiki wengi majina hayo ni mhuni wa diski. Anaifungua gemu kwenye kompyuta, anaandika majina ya kweli, anabandika jezi za msimu mpya, anachoma diski na kuitupa mtaani kwa bei ambayo watoto wanne wanaweza kuichangia. Konami haipati hata senti.

Brazil ndiko mchezo huo ulikochezwa hasa. Kuna gemu inaitwa Bomba Patch, iliyojengwa juu ya zile za Konami za PS2, ikajazwa klabu za Brazil na watangazaji wanaopiga kelele kwa Kireno. Iliuzwa kwa wamachinga wa kule na ikapendwa kuliko gemu halali. PES 2014, ya mwisho kutolewa kwa PS2, iliingia sokoni Novemba 2013. Konami ikafunga kitabu. Bomba Patch haikufunga, miaka ikapita na vikosi vipya vinaingia tu.

Yote hayo yaliwezekana kwa sababu ya kipande kidogo cha chipu. Diski halali ya PS2 ilikuwa na alama ambayo mashine ya kuchomea CD haiwezi kuinakili. PS ikiikosa alama hiyo, inagoma. Fundi anachomelea chipu ndani, na kazi ya chipu ni moja: kuidanganya PS kwamba alama ameiona, twende kazi. Kuanzia Sao Paulo hadi Dar es Salaam na Nairobi, PS nyingi za vibandani zilipita kwa fundi kabla hazijafika kwa wachezaji.

KUFULI LA AUSTRIA

Mwanzoni kampuni zilicheza kama timu inayokimbiza mpira bila mpango. Novemba 2009 Microsoft iliwafungia wenye mamia ya maelfu ya Xbox 360 zilizochokonolewa, wasicheze tena mtandaoni. EA nayo, kuanzia FIFA 11, ikaweka ndani ya boksi namba ya siri ya kufungulia mechi za mtandaoni. Namba hiyo inatumika mara moja tu, hivyo aliyenunua diski ya mtumba kihalali kabisa alitakiwa kulipa tena. Wateja walinung'unika, na mwaka 2013 EA yenyewe ikaufuta utaratibu huo.

Mwaka 2014 ikaja silaha nzito. FIFA 15 ya kompyuta ilikuwa miongoni mwa gemu za kwanza kulindwa na Denuvo, kufuli lililotengenezwa Austria. Wavunja kufuli walitoka jasho. Januari 2016 kiongozi wa kundi maarufu la China, 3DM, alikiri kwamba mambo yakienda hivyo, baada ya miaka miwili huenda duniani kusiwe na gemu ya bure ya kucheza.

Alikata tamaa mapema. Agosti mwaka huohuo kundi jingine, CPY, likalivunja kufuli hilo kwenye gemu ya Rise of the Tomb Raider, na mbio zikaanza upya. Na kama mtu anadhani Denuvo ni habari za mbali, mwaka 2018 ilinunuliwa na Irdeto, kampuni ya ukoo mmoja na DStv. Wanaowinda wanaovujisha mechi za Ligi Kuu ya England na wanaolinda gemu za soka wamekaa meza moja.

Lakini bao lililomaliza mechi halikutoka kwenye kufuli. Machi 2009, kwenye FIFA 09, EA iliingiza kitu kinaitwa Ultimate Team. Unafungua pakiti za kadi, ukibahatika unampata Messi, usipobahatika unapata beki wa daraja la tatu, halafu unajenga kikosi na kupambana na watu wengine mtandaoni. Siku hizo kilionekana kama kionjo tu.

Ujanja wake ni kwamba kikosi hicho hakipo kwenye diski. Kipo kwenye seva za EA. Mhuni anaweza kuvunja kufuli, akainakili gemu nzima, akaisambaza dunia nzima, na bado aliyeipakua atacheza na kompyuta peke yake chumbani. Utamu wote uko upande wa pili wa mlango, na mlangoni kuna askari anayekagua akaunti. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, Ultimate Team iliiingizia EA Dola 1.62 bilioni, karibu asilimia 29 ya mapato yote ya kampuni.

Konami ilikwenda mbali zaidi. Septemba 30, 2021 ililizika jina la PES na kutoa eFootball 2022 bure kabisa. Utamwibiaje mtu kitu anachokigawa bure? Wizi uliisha siku hiyo. Bahati mbaya gemu yenyewe ilitoka mbichi, wachezaji sura zimepinda kama wametoka kwenye ajali, hadi kampuni ikaomba radhi. Ikatengenezwa taratibu. Hela sasa inatafutwa kwenye kadi, humohumo alimopita EA.

ANAYELIPA NI NANI

Si kwamba wahuni ni watu wa kupigiwa makofi. Gemu inatengenezwa na mamia ya watu wenye kodi za nyumba na ada za watoto. Ila dawa iliyopatikana nayo ina makali yake. Zamani dogo alinunua diski feki mara moja akamaliza, Ronaldinho akawa wake jumla. Leo anaingia bure, lakini kumpata staa anabahatisha, na akiishiwa sarafu za gemu anaangalia simu ya mzazi.

Ubelgiji ililiona hilo. Mwaka 2018 ilisema pakiti za kulipia zenye bahati nasibu ni kamari, na EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo mwishoni mwa Januari 2019. Uholanzi ilijaribu kuitwanga EA faini ya Euro 10 milioni, ila mahakama ya juu ikaifuta Machi 2022.

Kuna na hili la umiliki. EA ilipoachana na FIFA na kuja na EA Sports FC 24 mwaka 2023, matoleo ya zamani ya FIFA yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyetaka kuinunua FIFA 23 kihalali humo akakuta rafu tupu. Mwenye diski yake kabatini, hata ile ya kuchoma, akabaki anadunda.

Na wahuni hawajaisha, wamehamia kwenye simu. Afrika, klabu zilizopata nafasi rasmi kwenye FIFA kwa miaka kadhaa ni Kaizer Chiefs na, kwa utani wa Mungu, Orlando Pirates, maharamia pekee walioingia kwa tiketi. Simba na Yanga waliingizwa na vijana wa mitaani, waliochokonoa gemu za simu na za PSP wakabandika jezi nyekundu na za kijani, nembo na majina ya wachezaji mmoja mmoja. Kwa miaka mingi aliyetaka kuicheza Dabi ya Kariakoo kiganjani alipitia kwao.