Ua Halina Mwenyewe, Mchoro Unaye: Darizi ya Mimea kwa Mashine na Biashara Yake

Darizi ya mimea kwa mashine ni kazi ya kutia nakshi za majani, maua na matunda juu ya kitambaa kwa cherehani inayoongozwa na kompyuta, ambayo husoma faili la mishono na kuisogeza fremu iliyokaza kitambaa huku na huku chini ya sindano mpaka picha itimie. Nakshi hizo huonekana kwenye mifuko ya amerikani, vitambaa vya meza, foronya, taulo na aproni, na kwa mafundi wadogo wanaoshona bidhaa zao wenyewe zimekuwa njia ya kukiongezea thamani kitambaa cha bei nafuu. Nyuma ya kila nakshi ya namna hii yapo mambo matatu ambayo fundi anayeuza kazi yake hana budi kuyatenganisha: mmea wenyewe, ambao hauna mmiliki, mchoro wa mmea huo, ambao una mwenyewe, na faili la mishono, ambalo huenda lina mwenyewe mwingine kabisa.

Utengano huo si jambo lililoletwa na kompyuta. Mwaka 1828 Joshua Heilmann wa Mulhouse, Ufaransa, alibuni mashine ya kudarizi yenye sindano nyingi zilizochongoka ncha zote mbili, na mfanyakazi wake aliiongoza kwa pantografu, yaani chombo cha fito zilizounganishwa kwa bawaba ambacho hufuata mistari ya mchoro mkubwa na kuirudia katika kipimo kidogo juu ya kitambaa. Isaak Gröbli wa Uswisi aliendeleza kazi hiyo mwaka 1863 kwa mashine iliyotumia uzi usiokatika pamoja na kibebeo cha uzi wa chini, kwa kanuni ileile ya cherehani ya kawaida, na mji wa St. Gallen ukapata sifa kwa darizi yake, ambayo sehemu kubwa ilikuwa maua na majani. Tangu wakati huo aliyechora, aliyeupanga mchoro kwa mishono na aliyeiendesha mashine waliweza kuwa watu watatu tofauti.

Kazi ya kuupanga mchoro kwa mishono ndiyo yenye utaalamu mwingi, na ndiyo inayoamua kama jani litaonekana jani au doa la kijani. Mtayarishaji wa faili hutumia hasa aina tatu za mshono: mshono wa mstari, ambao hutosha kwa vikonyo na mishipa ya jani, mshono wa satini, ambao nyuzi zake hulala sambamba, zimesongamana, zikivuka umbo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mshono wa kujaza, ambao hupanga mishono mifupi safu kwa safu katika maumbo mapana ambayo satini ingeyapitia kwa nyuzi ndefu mno zinazonasa kwa urahisi. Uzi wa kudarizi, uwe wa poliesta au wa rayoni, hung'aa, na mng'ao wake hubadilika kufuatana na pembe ambayo uzi umelala. Kwa hiyo jani linaloshonwa kwa rangi moja tu, nusu ya kushoto mishono ikitoka kwenye mshipa wa kati kwa pembe moja na nusu ya kulia kwa pembe nyingine, huonekana lina vivuli viwili, na likigeuzwa kuelekea dirishani vivuli hivyo hubadilishana. Hapo ndipo faili zuri hupambanuka na faili baya, kwani faili baya hulaza mishono yote upande mmoja na kujaribu kuficha ubapa wake kwa kuongeza rangi.

Chini ya nakshi inayoonekana hutangulia mishono ya msingi, ambayo hukishikamanisha kitambaa na kiegemezi, yaani karatasi au kitambaa maalumu kinachowekwa nyuma ili kazi isikunjamane. Kwa kuwa uzi ukikazwa hukivuta kitambaa kwa ndani, duara lililochorwa sawasawa hutoka limebanwa, na mtayarishaji mwangalifu hulipanua kidogo katika faili kabla halijashonwa. Nyuzi za kawaida, zile za namba 40, hupangwa kwa nafasi ya milimita 0.4 hivi, na anayezisonga zaidi ya hapo juu ya kitani chepesi hupata ua gumu lililozungukwa na mikunjo isiyotoka hata kwa pasi. Fulana huhitaji kiegemezi cha kudumu kinachokatwa pembeni tu, na taulo huwekewa juu yake utando unaoyeyuka kwa maji ili vitanzi vya nyuzi visichomoze katikati ya petali. Amerikani, kwa upande wake, yafaa ifuliwe kabla ya kudariziwa, kwa sababu ikisinyaa baada ya kuuzwa nakshi hubaki na ukubwa wake huku kitambaa kikijikusanya pembeni.

Nakshi ya mimea hudai pia uaminifu kwa mmea, jambo ambalo maduka ya faili hulizingatia kwa viwango tofauti sana. Mkarafuu una majani yanayong'aa, yaliyopangwa mawili mawili yakielekeana, na vishada vya karafuu hutoka nchani mwa tawi vikiwa vya kijani, kisha huanza kuwa vyekundu wakati wa kuchumwa. Mchoro unaoyapanga majani hayo kwa kupishana, au unaotoa karafuu katikati ya tawi, mnunuzi wa Pemba ataukataa kwa kuutazama mara moja. Ua la milima ya Usambara ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikusanya mwaka 1892, na ambalo mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia mwaka 1893, hupandwa leo katika vyungu vya madirishani duniani kote. Katika umbo lake la porini petali zake tano hazilingani, kwani mbili za juu ni ndogo kuliko tatu za chini, na majani yake yana vinyweleo. Jani la mkarafuu hufaa satini inayong'aa, lakini jani la Saintpaulia hupendeza zaidi kwa uzi wa pamba usiong'aa, ulioshonwa kwa mishono mifupi isiyolingana urefu. Hakuna programu inayoweza kumfanyia fundi uamuzi huo. Hufanywa na mtu aliyelishika jani lenyewe.

Upande wa sheria, kanuni ya kwanza ni kwamba hakimiliki hailindi asumini wala mkarafuu. Hulinda namna mtu fulani alivyouchora mmea huo. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake, unaweka kwa kazi nyingi za sanaa ulinzi usiopungua maisha ya msanii pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi za Umoja wa Ulaya zimeufikisha miaka 70. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na ofisi ya hakimiliki ya COSOTA, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inayosimamiwa na bodi ya hakimiliki ya KECOBO. Kwa hesabu hiyo, michoro ya waridi ya Pierre-Joseph Redouté, aliyefariki mwaka 1840, na ile ya mimea ya William Morris, aliyefariki mwaka 1896, ni mali ya umma, na fundi yeyote yuko huru kuifanya darizi.

Uhuru huo, hata hivyo, hauhami wenyewe kwenda kwenye faili. Mtu aliyeupanga mchoro wa Redouté kwa mishono ametia kazi yake mwenyewe, naye huuza faili lake kwa leseni, yaani ruhusa yenye masharti. Baadhi ya leseni huruhusu matumizi ya nyumbani tu. Nyingine huruhusu kuuza bidhaa zilizodariziwa lakini huweka kikomo cha idadi, hukataza uzalishaji wa kiwandani, au hudai jina la mbunifu litajwe. Karibu zote hukataza faili lenyewe kuuzwa tena au kugawiwa, hata kama limebadilishwa kutoka umbizo la PES la mashine za Brother kwenda JEF la Janome au DST la Tajima. Desturi ya mafundi kurushiana mafaili kwenye simu kana kwamba hayana mwenyewe ni dhuluma kwa fundi mwenzao, na anayelijenga duka lake juu ya desturi hiyo hana la kujitetea siku mbunifu atakapoitambua kazi yake kwenye mfuko.

Wapo wanaohoji kama bidhaa ya namna hii yaweza kuitwa kazi ya mkono. Wakazi wa pwani wana kipimo chao tayari, kwa kuwa kofia ya Lamu au Unguja iliyotobolewa na kushonwa vishimo kwa mkono kwa wiki nyingi huuzwa kwa bei tofauti kabisa na kofia ya mashine, na muuzaji mwadilifu hazichanganyi. Mfuko uliokatwa na kushonwa na fundi mmoja ni kazi ya mikono yake, lakini nakshi iliyo juu yake yapasa kuandikwa wazi kuwa imedariziwa kwa mashine, ili aliyeketi na sindano asipunjwe ujira wa muda wake.

Mashine nayo ina muda wake, ambao mafundi wengi husahau kuutoza. Tawi la mishono 15,000, kwa mwendo wa mishono 600 kwa dakika, huchukua dakika 25 za sindano kwenda bila kusimama, mbali na kubadilisha rangi, kukaza kitambaa kwenye fremu, kukata nyuzi na kuondoa kiegemezi. Fundi anayepanga bei kwa kuhesabu kitambaa na uzi peke yake huwa ameitoa darizi bure.

Maduka ya faili yamejaa waridi na lavenda, na fundi wa Tanga au Mombasa anayenunua humo huuza mimea ileile inayouzwa kila mahali. Mkadi, kilua, mrehani, mkarafuu na asumini huota katika ukanda wake wa pwani, wala hahitaji leseni ya mtu kuichora. Kinachohitajika ni tawi bichi, penseli, na mtayarishaji wa faili anayekubaliana naye kwa maandishi kwamba mchoro na faili vitabaki vya fundi. Kisha nakshi ishonwe kwanza juu ya kipande cha kitambaa kilekile cha bidhaa, ifuliwe, ipigwe pasi, na irekebishwe kabla ya mfuko wa kwanza kukatwa.