Bima ya Ghala Yahusu Pia Mshahara

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, 2019, kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, Msumbiji, bandari inayohudumia pia Zimbabwe, Zambia na Malawi. Nchini Msumbiji peke yake watu zaidi ya 600 walipoteza maisha. Majuma sita baadaye, tarehe 25 Aprili, kimbunga Kenneth kikaipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma.

Baada ya msiba wa namna hiyo mfanyakazi huuliza: kazi itaanza lini, na mshahara atalipa nani? Sehemu kubwa ya jibu imo katika hati ya bima ambayo mwajiri aliitia saini zamani, mbingu ikiwa safi. Kwa hiyo yafaa sisi wafanyakazi tuifahamu.

Kwanza, bima ya moto si bima ya kila balaa. Kwa kawaida hulipia moto na radi. Tufani na mafuriko huongezwa kwa ada zaidi, na mara nyingi kila moja huandikwa mbali. Mwenye bima ya tufani peke yake aweza kulipwa paa lililong'oka, lakini asilipwe shehena iliyoharibiwa na mto uliofurika.

Pili, tutazame thamani. Tuseme ghala lina thamani ya meticais milioni 10, na mwajiri, ili apunguze ada, amelikatia bima ya milioni 5. Tufani ikaleta hasara ya milioni 4. Je, atalipwa zote? La. Hati nyingi zina sharti kwamba aliyekata bima ya nusu hulipwa nusu ya hasara, yaani milioni 2. Tena hapo hutolewa kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye mali alikubali kukibeba mwenyewe.

Tatu, bima ya jengo hutengeneza jengo. Hailipi mishahara wakati kazi imesimama. Kwa ajili hiyo iko bima nyingine, ya hasara ya kusimama kwa biashara, ambayo yaweza kuhesabu mishahara kwa muda uliokubaliwa. Hiyo nayo, kwa kawaida, hulipa tu ikiwa mali imeharibiwa na balaa lililotajwa katika hati.

Nne, kampuni ya bima hudai mali itunzwe. Bati lililolegea na mfereji ulioziba vyaweza kuwa sababu ya kukataa kulipa. Mfanyakazi akiona kasoro, airipoti kwa maandishi na kuweka nakala.

Katika Msumbiji majira ya vimbunga ni Novemba hadi Aprili. Kila tawi, huko na kwetu, lingefanya vema kumwuliza mwajiri mapema: Je, tufani na mafuriko vyote vimeandikwa? Thamani ni ya leo au ya miaka kumi iliyopita? Mishahara imo? Baada ya paa kung'oka, maswali hayo hayatasaidia tena.