Mlango Ujifunge Wenyewe, Lakini Usimfungie Mtu Ndani

Ndugu mfanyakazi, wewe uliyefanya kazi chini ya ardhi unaijua milango ya hewa. Kapita hachoki kusema: ukipita, funga. Kila mchimbaji anajua ya kwamba mlango mmoja ulioachwa wazi unaweza kupeleka hewa mbaya mahali wenzake wanapofanya kazi.

Lakini siku ya mapumziko unarudi kwa familia yako Butembo, Beni au Lubero. Unapanda ngazi ya nyumba ya etaji unapopanga. Mlango wa ngazi umesimamishwa wazi kwa jiwe. Resori yake ilikatika zamani. Unapita, jirani yako anapita, watoto wanapita. Hakuna anayesema neno.

Leo ukurasa huu unasema neno hilo.

MOSHI UNATANGULIA MOTO

Tarehe 16 Septemba 1986, wachimbaji 177 walikufa katika mgodi wa dhahabu wa Kinross, Afrika Kusini. Moto ulianzia kwenye kazi ya kuchomelea, ukashika povu la plastiki lililokuwa limepakwa kwenye kuta za njia ya chini. Wengi wa marehemu hawakuguswa na ndimi za moto. Waliuawa na hewa yenye sumu iliyotoka katika povu lile.

Nyumbani ni vilevile. Godoro la sponji, viti vya plastiki na nguo za nailoni vikiungua vinatoa moshi mweusi wenye sumu. Ndani yake mna gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu aliyelala haamki kwa kuinusa. Anazidi kulala, kisha anakufa. Na moshi wa moto unapenda kupanda. Ngazi iliyo wazi ni bomba la moshi: unaingia chini, unatokea juu, na katikati ndimo watu wanamolala.

Kinachokata bomba hilo ni mlango uliofungwa. Mlango wa moto uliotengenezwa sawasawa unaweza kuzuia moto kwa dakika 30 au 60. Hata mlango wa kawaida wa mbao nzito, ukiwa umefungwa, unawapa watu dakika za kutoka. Mlango ulio wazi hauwapi hata moja.

NYUMBA MBILI ZA NEW YORK

Tunatoa mfano wa mbali kwa sababu huko mambo yalichunguzwa mpaka mwisho. Tarehe 28 Desemba 2017, katika mtaa wa Bronx, mtoto wa miaka mitatu alichezea jiko katika nyumba ya chini ya jengo la etaji tano. Mama yake alikimbia na watoto wake, akauacha mlango wazi nyuma yake. Moto ukaufuata mlango ule, ukapanda ngazi. Watu 13 walikufa.

Tusimlaumu mama yule. Nani kati yetu, akiwa na watoto mikononi, angekumbuka mlango? Ndiyo sababu mlango unatakiwa ujifunge wenyewe. Mwaka uliofuata, sheria ya mji ikaongezwa nguvu ili wenye majengo waweke milango inayojifunga.

Lakini sheria peke yake haivuti mlango. Tarehe 9 Januari 2022, katika Bronx hiyohiyo, kifaa cha umeme cha kupashia chumba joto kilizusha moto katika jengo la etaji 19. Familia ilitoka salama. Mlango wao ulipaswa kujifunga, haukujifunga. Moto wenyewe haukwenda mbali, ila moshi ulijaza jengo mpaka juu. Watu 17 walikufa, 8 kati yao watoto, na wengi walikuwa wa familia zilizotoka Gambia. Wote waliuawa na moshi.

NA KWETU JE?

Tuangalie majengo ya katikati ya miji yetu. Chini kuna duka au depo: magodoro, vitenge, mafuta ya kupikia, mara nyingine bidoni za esansi. Chini ya ngazi kuna jenereta. Juu zinakaa familia, na tangu vita iwafukuze watu vijijini, chumba kimoja kinaweza kulaza jamaa watatu au wanne wa ukoo. Ngazi ni moja tu. Kwenye korido mama anawasha mbabula, maana nje ni mvua na baridi.

Katika nyumba ya namna hii mlango wa ngazi una kazi kubwa kuliko mlinzi wa usiku. Na bado ndio tunaouegemeza jiwe, kwa sababu tunapandisha maji na magunia ya makala. Sababu hiyo tunaielewa. Basi uegemeze wakati wa kubeba, na mzigo wa mwisho ukiingia, toa jiwe.

KUFUNGA SI KUFUNGIA

Hapa tuelewane vizuri. Tunaposema funga mlango, hatusemi tia kadena. Mlango wa moto unafungwa ili moshi usipite; haufungwi ili mtu asitoke.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, vijana 67 waliungua katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, wilaya ya Machakos, Kenya. Bweni lilikuwa na milango miwili, lakini mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Tarehe 31 Agosti 2023, jengo la Usindiso mjini Johannesburg liliua watu 76, wakiwamo Watanzania na Wamalawi waliokwenda kutafuta kazi. Huko pia watu walikuta mageti ya chuma yamefungwa.

Tunajua kwa nini watu wa kwetu wanatia kadena mbili na antivoli kila dirisha. Wezi wapo, na watu wenye silaha wapo. Hatumwambii baba wa familia alale mlango wazi. Tunamwambia: weka komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Kama ni kadena, ufunguo uninginie msumarini karibu na mlango, mahali ambapo hata mtoto wa miaka kumi anafika gizani. Na antivoli ya dirisha moja iwe na bawaba, ifunguke kutoka ndani.

JARIBU MLANGO WAKO LEO

Kazi hii haimalizi dakika tano.

1. Fungua mlango wa ngazi wote, uachie. Je, unarudi wenyewe mpaka mwisho?

2. Ufungue kidogo tu, kiasi cha kiganja, uachie. Milango mingi inashindwa hapa: resori imechoka na haina nguvu ya kusukuma ulimi wa kitasa uingie.

3. Usukume bila kugusa mkono wa kitasa. Ukifunguka, ulimi haukushika. Joto na upepo wa moto vitaufungua vilevile.

4. Tazama chini. Je, unakwaruza sakafu? Wakati wa mvua mbao inavimba. Mwite seremala aupige randa, lakini asipunguze sana: nafasi pembeni isizidi unene wa sarafu mbili.

5. Tazama bawaba. Mlango mzito unataka tatu, zenye skurubu zote.

6. Gonga ubao. Ukilia kama ngoma, ni tripleksi yenye uwazi ndani, utaungua upesi. Misitu yetu inatoa libuyu na muvula, mbao zinazopelekwa mpaka Uganda na Kenya. Mlango wa ngazi zetu ustahili mbao hizo pia.

Uingereza, baada ya moto wa Grenfell Tower ulioua watu 72 mjini London tarehe 14 Juni 2017, tume ya uchunguzi ilikuta milango mingi imekosa vifaa vya kujifunga, au vilikuwa vimeharibika. Ikashauri milango ikaguliwe kila miezi mitatu. Nasi wapangaji tunaweza kufanya hivyo. Mwende pamoja kwa mwenye nyumba, msiende mmoja mmoja. Resori moja ni bei ndogo kuliko jeneza.

MOTO UKIWAKA

Toa watu, rudisha mlango nyuma yako, piga kelele kuamsha majirani. Usirudi kuchukua radio wala pesa. Moshi ukikukuta, tembea kwa magoti, hewa nzuri iko chini. Ukiwa ndani na moto uko nje, gusa mlango kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, usiufungue: ziba nafasi ya chini kwa nguo yenye maji, nenda dirishani, ita watu.

Na neno moja kwa akina mama: korido ikipigwa marufuku kwa mbabula, usiiingize chumbani na kufunga mlango. Gesi ileile itaua familia bila moto kuonekana. Mbabula ina mahali pake: nje, chini ya paa lisilo na kuta.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni hii ukipanda ngazi, toa jiwe mlangoni, uachie mlango, usikilize. Usiposikia ulimi wa kitasa ukigonga, kuna kazi ya kufanya kabla ya kulala.