Pipa la Turkana kwa hesabu ya mkulima wa kahawa

Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, alitangaza kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1, Turkana. Tangu hapo, nikikaa na watu Nyeri mjini au Karatina, naulizwa: yale mafuta ni ya nani?

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, ilishajibu. Ni ya wananchi, na serikali ya taifa imeyashika kwa niaba yao. Hati ya shamba lako la Tetu inakupa udongo wa kupanda majani chai, haikupi mafuta yaliyo chini yake. Mfugaji wa Lokichar, huko Turkana, yuko vivyo hivyo.

Kampuni ina mkataba wa kuchimba na kugawana, basi. Tullow ya Uingereza iliushika pamoja na Africa Oil na Total; hao wawili wakajitoa 2023, na 2025 Tullow ikaiuzia Gulf Energy ya Nairobi biashara yake yote ya Kenya.

Kugawana kwenyewe mkulima wa kahawa anakujua. Chama cha ushirika hukata gharama za kiwanda kwanza, ndipo malipo ya kilo yamfikie. Chukua mapipa 100, kwa mfano tu. Kampuni ikate 60 kurudisha gharama zake. Yanabaki 40 ya faida. Tuseme serikali ipate nusu, 20. Hayo 20 ndiyo Sheria ya Petroli ya 2019 inayoyagawa: asilimia 75 taifa, 20 kaunti, 5 jamii ya pale. Jamii imeondoka na pipa 1. Kwa hiyo Mturkana anayetaka haki yake aombe kwanza kuona daftari la gharama, nalo likaguliwe hadharani.

Na gharama za Turkana ni nzito. Majaribio ya kutoa mafuta yalianza 2018, yakifikia mapipa kama 2,000 kwa siku, yakibebwa na malori hadi Mombasa. Shehena ya kwanza, mapipa zaidi ya 200,000, ilisafiri Agosti 2019. Kiwanda chetu cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilikuwa kimefungwa tangu 2013, kwa hiyo mafuta yalitoka ghafi huku petroli ya Nyeri ikiendelea kutoka ng'ambo.

Halafu mafuta hayo ghafi yana nta nyingi. Unajua mafuta ya kupikia ya mkebe asubuhi ya Julai hapa kwetu, kijiko kinavyosimama wima ndani yake? Ya Turkana huganda hivyo, hata pasipo baridi yetu, kwa hiyo lazima yasafirishwe yakiwa ya moto. Bomba la kwenda Lamu, zaidi ya kilomita 800, likijengwa litahitaji moto huo njia nzima, nao utaandikwa kwenye gharama kabla pipa lile 1 la jamii halijahesabiwa.