Kapu Limefanyaje?

Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo, hajui kusoma. Jioni moja nilimkuta barazani na mjukuu wake wa miaka mitatu, kitabu cha picha kimelazwa mapajani pa mtoto. Ukurasani palichorwa mama aliyesimama katikati ya barabara, kapu lake liko chini na machungwa yametapakaa kila upande.

“Mume wangu, hebu nitazamie hapa. Kuna nini?”

“Kapu limeharibika.”

“Ala! Limefanyaje?”

Mtoto akainama, akabonyeza picha kwa kidole. “Limekatika hapa.”

“Enhe, mkono wa kapu umekatika. Na machungwa je?”

“Yanakimbia.”

Bibi akacheka. “Yanakimbia kweli. Yanabiringika mpaka kule. Na huyu mama?”

“Amenuna.”

Mimi niliyekuwa nimesimama nyuma yao nilishaamua kwamba mama yule amechoka. Kama ningekuwa nasoma mimi, ningemsahihisha mtoto palepale. Bibi hakufanya hivyo. Alimuuliza, “Umejuaje kama amenuna?”

“Mdomo wake.”

Nikatazama tena. Mdomo kweli ulikuwa umechongoka.

Katika kazi yangu ya kuwafunda walimu wa madarasa ya awali, swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: mtoto asomewe vitabu vingapi ili apate maneno mengi? Siku hizi, badala ya kujibu kwa hesabu, nawasimulia habari ya bibi huyu. Mtoto hulipata neno kikamilifu siku anapolitumia kusema jambo aliloliona yeye mwenyewe. Ndiyo maana kumfunza msamiati na kumjenga awe mtu mwenye mawazo yake ni kazi moja.

Tuanze na maneno. Mazungumzo ya nyumbani hutegemea vitu vilivyo mbele ya macho. “Nipe hiyo.” “Weka pale.” “Toka huko.” Hakuna haja ya kutaja jina wakati kidole kinatosha. Vilevile kila kitu kikipata hitilafu tunasema “kimeharibika” na maisha yanaendelea. Kumbe Kiswahili kimegawa uharibifu kwa umakini wa ajabu: sahani huvunjika, shuka huchanika, kamba hukatika, puto hupasuka, ukuta hubomoka, mkate humeguka. Mtoto wa mjini anaweza kumaliza wiki nzima bila kuona ukuta ukibomoka. Kitabu cha picha humletea ukuta huo mapajani.

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walilinganisha maneno yaliyomo katika vitabu vya picha 100 vya Kiingereza na yale ambayo wazazi huwaambia watoto katika mazungumzo ya kawaida. Kwa idadi ileile ya maneno, vitabu vilikuwa na maneno ya aina nyingi zaidi. Kwetu kuna faida nyingine tena, nayo ni ngeli. Katika ukurasa ule mmoja mtoto alisikia kapu likivutana na “li”, mkono wake na “u”, machungwa na “ya”. Hakuna aliyemfundisha kanuni. Alikuwa akitazama vitu na kusikia jinsi vinavyosemwa.

Neno haliingii kwa kusikika mara moja, na hapo ndipo wazazi wengi huchoka, kwa kuwa mtoto hudai kitabu kilekile kila usiku. Mpe. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011, watoto wa miaka mitatu walisomewa hadithi zenye majina mapya ya vitu wasivyovijua. Baadhi walirudiwa hadithi zilezile, wengine wakapewa hadithi tofauti zenye majina hayohayo. Waliorudiwa hadithi ndio waliokumbuka majina vizuri zaidi. Mtoto akishajua kitakachotokea, macho na masikio yake hupata nafasi ya kushughulikia yale yaliyompita jana.

Sasa tuje kwa anayesoma. Mwaka 1988 mtaalamu wa saikolojia Grover Whitehurst na wenzake, huko New York, walichapisha matokeo ya jaribio la wiki nne lililohusu familia chache zenye watoto wa miaka miwili hivi. Wazazi wote walikuwa wakiwasomea watoto wao. Tofauti ni kwamba kundi moja lilifunzwa kusoma kidogo na kuuliza zaidi: kuacha maswali ya kujibiwa kwa ndiyo au hapana, kulipokea jibu la mtoto, kuliongezea kidogo, kisha kumpa nafasi aliseme tena. Mwezi ulipokwisha, watoto wa kundi hilo walikuwa mbele ya wenzao kwa miezi 8.5 katika kipimo kimojawapo cha kujieleza kwa maneno.

Bibi jirani yangu hakupata kusikia habari za jaribio hilo, lakini “yanakimbia” aliipokea kwa kicheko, akaiongezea “yanabiringika”. Na si yeye peke yake. Magharibi mwa Kenya, walezi walipewa vitabu vya picha kwa Kijaluo na kufunzwa kuvizungumzia pamoja na watoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: watoto waliongeza maneno ya vitabuni, na wale wenye walezi wasiojua kusoma hawakunufaika chini ya wenzao. Kwa hiyo mzazi anayejitoa kwa kusema “mimi sikusoma” hana sababu. Picha haihitaji cheti.

Wengine watasema sisi tuna jadi ya hadithi za mdomo, tena zenye maswali na majibu. Ni kweli. Anayeitikia “pakawa” baada ya “paukwa” ameshashiriki, na utamu wa kuitikia pamoja hauna mfano. Lakini kiitikio cha wengi humficha mmoja. Ingia darasa lolote la awali usikie mwalimu akiinua picha: “Huyu ni naniii?” Darasa zima: “Simbaaa!” Wamo waliomjua simba, wamo waliofuata sauti, wamo waliofungua mdomo tu. Swali la bibi lilikuwa la namna nyingine, kwa sababu jibu lake hakuwa nalo mwenyewe. Umejuaje?

Hapa pana jambo gumu katika malezi yetu. Mtoto anayebishana na mkubwa huonekana hana adabu, na sipendekezi tulee watoto wa kujibizana ovyo. Uzuri wa kitabu ni kwamba wawili hawa hawatazamani, bali wote wanamtazama mtu wa tatu. Mjukuu anaweza kusema mama amenuna na bibi akaona amechoka, wala heshima ya mtu isivunjike. Mtoto anajifunza kwamba maoni huwa na sababu, na kwamba sababu yake inasikilizwa. Zaidi ya hayo, anapata majina ya yaliyomo moyoni: kununa, kuona haya, kuduwaa, kusononeka. Mwenye neno “nimeona haya” ana njia nyingine zaidi ya kujificha nyuma ya mlango wageni wanapofika.

Mwalimu mwenye watoto wengi ataniuliza afanyeje. Awagawe katika vikundi vidogo, kikundi kimoja kikae naye kwenye jamvi wakati wengine wanachora au wanacheza, na kesho iwe zamu ya kikundi kingine. Amtaje mtoto kwa jina, amuulize, kisha anyamaze. Ahesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumsaidia. Wengi wetu hatufiki hata mbili.

Vitabu navyo vinapatikana zaidi ya tunavyodhani. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991, na tangu mwaka 2014 African Storybook imekuwa ikitoa bure mtandaoni hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Pasipo kitabu, picha ya kalenda ukutani au michoro ya kanga inatosha kuanzia.

Wiki iliyofuata nilipita tena barazani. Kitabu kilikuwa kilekile, ukurasa uleule. Nikamuuliza mtoto kama yule mama bado amenuna. Akatikisa kichwa.

“Anatafuta chungwa lake. Moja hajaliona.”

“Liko wapi?”

“Chini ya baiskeli.”

Bibi akanitazama, nami nikamtazama. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameliona chungwa hilo, wala hata baiskeli yenyewe. Tukainama wote wawili juu ya kitabu. Lilikuwepo.