Vidonge vya Majira Havingoji Chombo Kirudi

Katika pwani ya Kilwa, kuanzia Somanga hadi Kivinje na Masoko, maisha ya nyumba nyingi hufuata mwendo wa bahari. Mvuvi akienda dago, huweza kukaa majuma kadhaa mbali na mkewe. Hapo ndipo kosa moja huingia kwa urahisi: mama huacha kumeza vidonge vya majira mume akiondoka, kisha huvianza tena siku chombo kinapotia nanga. Kwa njia hiyo mimba isiyotarajiwa huweza kutunga ilhali pakiti imo ndani ya nyumba.

Vidonge hivi vina vichocheo viwili, estrojeni na projestini, ambavyo huzuia yai kupevuka. Kinga hiyo hujengwa kwa kumeza kidonge kimoja kila siku, mume awepo asiwepo. Vikimezwa bila kukosa, hupata mimba chini ya mwanamke 1 kati ya 100 katika mwaka wa kwanza. Vikimezwa kwa mazoea ya kawaida ya kusahausahau, takriban 7.

Pakiti nyingi zina vidonge 28: vya vichocheo 21 na vya madini ya chuma 7. Aliyesahau kidonge kimoja au viwili vya vichocheo ameze kimoja mara akumbukapo na kuendelea kama kawaida. Aliyekosa vitatu au zaidi mfululizo ameze kimoja mara moja, kisha atumie kondomu mpaka ameze vidonge vya vichocheo kwa siku 7 mfululizo. Ikiwa ni juma la tatu, aviache vile vya chuma na aanze pakiti mpya. Kama amekutana na mumewe ndani ya siku 5 zilizopita, aulize kuhusu vidonge vya dharura.

Mtoa huduma naye ana wajibu wake. Asitoe pakiti ya kwanza kabla ya kupima shinikizo la damu: likifikia 140/90, ashauri njia nyingine. Aulize pia kama mama ananyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6, ana miaka 35 au zaidi na anavuta sigara, aliwahi kupata kiharusi au damu kuganda mguuni, huumwa kichwa kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, ana ugonjwa mkali wa ini au saratani ya matiti, au anatumia rifampisini ya kifua kikuu. Kila jibu la ndiyo lataka njia nyingine. Kwa hiyo pakiti ya jirani si ya kuazima.

Maumivu makali ya kifua, ya tumbo au ya mguu mmoja uliovimba, kichwa kuuma ghafla, au macho kupoteza nuru ni dalili za hatari. Mama aache vidonge na awahi hospitali.

Kwa anayevuka maji kutoka Kilwa Kisiwani kufuata huduma, mtoa huduma ampe pakiti za kutosha miezi kadhaa, hata mwaka mzima. Na mvuvi, kabla ya kutweka, amkumbushe mkewe: kidonge cha leo ni cha leo.