Picha ya ini inamwambia daktari nini?



Katika ziara za nyumba kwa nyumba, kuanzia Bulembia hadi Bwera, tunaulizwa: mgonjwa wa saratani ya ini akiambiwa aende Kampala kupigwa picha ya MRI, auze mbuzi wake? Kwanza tujue picha hiyo inajibu nini.

MRI ni nini?
Ni mashine yenye sumaku yenye nguvu sana. Haitumii mionzi ya eksirei. Mgonjwa hulala ndani yake bila kujitikisa, na mara nyingi huchomwa sindano ya dawa inayosaidia uvimbe uonekane.

Daktari anatazama nini?
- Uvimbe uko sehemu ngapi, na una ukubwa gani.
- Kama umeingia kwenye mshipa mkubwa wa damu wa ini. Ukishaingia, upasuaji mara nyingi hausaidii.
- Ini lililobaki lina hali gani.

Akiunganisha hayo na vipimo vya damu na nguvu za mgonjwa, anakadiria tiba ipi inaweza kufaa. Baada ya tiba, picha nyingine huonyesha kama imefanya kazi: sehemu ya uvimbe iliyo hai hung'aa kwa ile dawa, iliyokufa haing'ai. Lakini picha haitibu, wala haitaji siku ya mtu kufa.

Kabla ya kuuza kitu, muulize daktari: "Picha hii itabadilisha tiba yangu? Ultrasaundi ya hospitali ya karibu haitoshi kwanza?"

MUHIMU: Mwenye risasi, kipande cha bomu au kifaa cha moyo mwilini aseme kabla ya kuingia chumbani. Sumaku inaweza kusogeza chuma na kumjeruhi.

Tusingoje picha
Wengi huenda hospitali tumbo likiwa limeshajaa maji, baada ya kudhaniwa wamerogwa. Katika Afrika, saratani hii hutokana sana na virusi vya homa ya ini B, ambavyo hukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na sumu ya ukungu wa mahindi na karanga.

Kwa hiyo:
- Mtoto apate chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Uganda inaitoa tangu 2002.
- Mtu mzima apime damu. Akikutwa na virusi, afuatiliwe kituo cha afya.
- Anika mahindi na karanga juu ya turubai, si chini. Zilizoota ukungu tupa.

Kinga ni bora kuliko tiba.